Naomba ushauri: je, ni sawa kurekebisha maoni ya zamani katika daftari langu la usomaji?

Mwenye Daftari

Ndugu wanajamvi, salaam. Kwa miaka mingi nimekuwa na daftari ambamo naandika kila kitabu ninachokisoma: jina la kitabu na la mwandishi, tarehe niliyoanza na niliyomaliza, kisha aya moja ya maoni yangu bila kupamba. Nilianza kwa sababu nilikuwa nasahau mno, hata naweza kufika katikati ya riwaya ndipo nigundue kwamba nilishawahi kuisoma. Baadaye nilijiunga na kundi la wasomaji, aya zangu zikapendwa, na sasa wenzangu wanataka daftari lenyewe lizunguke mkono kwa mkono, kila mmoja akae nalo siku chache. Nimekubali. Tatizo ni kwamba baadhi ya maoni ni ya zamani na hayalingani tena na ninavyofikiri leo. Je, ni sawa kuyarekebisha kabla ya kulitoa? Na mnaonaje nikihamishia kila kitu kwenye jedwali la kompyuta, ambako marekebisho hayaachi alama?

Karani Mstaafu

Swali la maana hapo ni la mwisho, na jibu langu ni kwamba ubaki na karatasi, ila uweke faharasa, kwa maana daftari lisilo na faharasa ni ghala lisilo na mlango. Mwanafalsafa John Locke alichapisha mwaka 1686, kwa Kifaransa, mbinu ya kupanga madaftari ya aina hii: neno kuu la kila dondoo unaliweka chini ya herufi yake ya kwanza pamoja na irabu ya kwanza inayofuata. Niliijaribu mbinu hiyo kwa Kiswahili, na haukupita muda kurasa za K-i na M-a zikafurika, kwa kuwa kifo, kisasi, kiburi, mapenzi, malezi na maisha yote yalikimbilia huko. Nikaamua kuvua viambishi, kifo kikaenda F-o na kisasi kikaenda S-a, na tangu hapo napata ninachokitafuta kabla sijasahau nilikuwa nakitafuta kwa nini. Mleta mada atueleze anatumia mpango gani.

Binti wa Maktaba

Mimi nina hoja nyingine. Natumaini katika daftari hilo huvipi vitabu alama wala nyota, maana tangu watu waanze kuhesabu nyota wameacha kueleza walichokisoma. Kundi letu lilivunjika kwa sababu ya nyota. Mmoja alikuwa anatoa tano kwa kila kitabu ili asimuudhi aliyekipendekeza, mwingine hakutoa zaidi ya tatu hata siku moja, na kila tulipokutana tulijadili tarakimu badala ya kurasa. Andika maneno, ndugu yangu. Maneno yanaweza kujibiwa.

Bi Mswada

Nimesoma maelezo ya mleta mada mara mbili, na kuna kitu kinanikwaza. Maoni ya mtu hubadilika kidogo kidogo, na huyu ameishi na maoni yake ya zamani miaka yote bila kuyagusa, lakini leo, wiki ambayo daftari linataka kutoka, ndipo yanamkera. Kaka, ni maoni ya vitabu vingapi unayotaka kuyarekebisha? Na ni nani katika kundi hilo unayeogopa akayasome?

Mwenye Daftari

Dada, umeuliza kwa ukali kidogo, lakini nitajibu. Ni kitabu kimoja. Mwandishi wake ni baba wa mchumba wangu, ambaye amejiunga na kundi letu hivi karibuni, na kwa mpangilio uliotolewa atalipokea daftari wa pili. Nilikisoma kitabu chake kabla sijamfahamu yeye wala binti yake, nikaandika nilichoandika. Nilipotambulishwa nyumbani kwao aliniuliza kama nimewahi kukisoma, nami nikamjibu kwamba ni miongoni mwa vitabu vilivyonigusa zaidi, kwa kuwa sioni kijana gani angejibu vinginevyo mbele ya mkwe. Naomba nieleweke kwamba sitaki kughushi. Daftari ni langu, maoni ni yangu, na mwenye maoni ana haki ya kuyasahihisha. Aya mpya nimeshaiandika kwenye karatasi ya vipimo vilevile na kwa wino unaofanana na ule wa zamani. Kilichobaki ni kuibandika tu.

Mzee wa Dibaji

Kumbe tulikuwa tunashauri posa bila kujua! Kijana, bandika karatasi yako, funga ndoa, kisha uibandue baada ya mtoto wa kwanza.

Msomaji wa Usiku

Tuache utani kidogo. Michel de Montaigne, Mfaransa wa karne ya 16, alikuwa na shida ileile ya kusahau, hivyo mwishoni mwa kitabu alichokusudia kukisoma mara moja tu aliandika tarehe aliyokimaliza na hukumu yake kwa jumla. Baadhi ya hukumu hizo alizinakili katika insha zake, na ya mwanahistoria Guicciardini aliitanguliza kwa kusema kwamba aliiandika miaka kama kumi nyuma. Hakuibadilisha ifanane na alivyofikiri siku ya kuinakili, bali aliipa umri wake, msomaji akajua anasikia sauti ya lini. Mahali pengine alisema kwamba yeye huongeza lakini hasahihishi. Maoni ya zamani yana faida hata yakiwa na kasoro, kwa kuwa yanamwonyesha mwenyewe alikuwa nani alipokuwa akisoma. Mimi nina riwaya moja niliyoiandikia sifa kurasa mbili nikiwa kijana, na chini yake, kwa wino mwingine, nikaandika baada ya kuirudia kwamba sikuona ndani yake isipokuwa kelele. Sifuti hata moja. Nikizisoma pamoja najifunza juu yangu kuliko juu ya riwaya.

Mwenye Daftari

Nashukuru kwa mfano huo, lakini nimewahi kusoma kwamba katika nakala ya insha zake iliyohifadhiwa Bordeaux, ile ya chapa ya mwaka 1588 yenye mwandiko wake pembeni, Montaigne alikata maneno na kuyabadilisha, si kuongeza tu. Ikiwa yeye aliruhusiwa, mimi nimekosa nini?

Msomaji wa Usiku

Ni kweli alikata, tena pengi. Tofauti ni kwamba alikata kwa mstari unaoonekana hadi leo, wala hakutafuta wino unaofanana.

Shahidi wa Pembeni

Wanajamvi, mimi nanusa chai hapa, tena ya kukolea. Mleta mada alianza na "baadhi ya maoni", akabanwa, yakawa maoni ya kitabu kimoja. Alitaka ushauri kuhusu kompyuta, kumbe karatasi na wino vilishaandaliwa. Anajitambulisha kama msahaulifu anayeweza kusoma riwaya moja mara mbili bila kujua, na hapohapo anakumbuka nakala ya Bordeaux pamoja na mwaka wake. Tena hajatuambia hata sentensi moja ya hayo maoni yanayomtisha. Nashuku hakuna mkwe wala mchumba, na kwamba anayeandika hapa ni mwandishi wa kitabu chenyewe, aliyesikia kuwa mtu fulani amekisema vibaya katika daftari na sasa anatafuta watu wa kumwambia kwamba maoni hayo yafutwe.

Binti wa Maktaba

Mimi nilidhani ni mtu anayetunga hadithi fupi na anatujaribu kama tutaiamini. Hata hilo la mkwe kuwa wa pili kwenye zamu limekaa vizuri mno.

Mwenye Daftari

Bordeaux naikumbuka kwa sababu imo ndani ya daftari, na hiyo ndiyo kazi ya daftari. Kwa kuwa mmeamua kuniita mwongo, nanakili maoni yenyewe neno kwa neno, nikiacha jina la kitabu tu:

"Nimeachia ukurasa wa 61. Mhusika mkuu anawaeleza wote uchungu wake, ila msomaji hauoni. Wazee, watoto na askari wanazungumza kwa sauti moja, ya mwandishi. Mandhari ya mto katika sura ya pili ni mazuri kweli, na yananifanya nikasirike zaidi, maana kumbe anaweza. Sura ya mwisho nimeisoma nikiwa nimesimama, nijue kama anakufa. Anakufa, lakini amechelewa."

Mzee wa Dibaji

"Anakufa, lakini amechelewa." Kijana, hiyo usiifute hata ukikosa mke.

Shahidi wa Pembeni

Narudi nyuma nusu hatua. Mwandishi hawezi kujiandikia hivyo. Ila hata mtunzi wa hadithi fupi angeweza, kwa hiyo la Binti wa Maktaba bado halijajibiwa.

Bi Mswada

Liwe la kweli au la kutungwa, sasa tuna maoni mbele yetu na tunaweza kuyapima. Nimewahi kuhariri miswada, na nawaambia kwamba sentensi ya mto ndiyo ambayo mwandishi yeyote angeisoma mara tano, kwa kuwa inamwonyesha mahali alipofaulu na kwa hiyo mahali alipojiangusha. Kasoro iko kwingine. Kaka, umehukumu kitabu kizima kwa kurasa 61 na sura ya mwisho. Umekiri hivyo, na kukiri huko ni uungwana, lakini hujui kilichomo katikati. Usibandike kitu. Kisome kuanzia ukurasa wa 62, kisha chini ya maoni ya kwanza uandike ya pili, yenye tarehe yake, hata kama yatakuwa makali zaidi. Na kuhusu kundi, waliomba maoni yako juu ya vitabu, hawakuomba kila ulichowahi kujisemea peke yako. Nakili aya unazozichagua, wape hizo, daftari libaki kwako. Hapo hujamdanganya mtu.

Mwenye Daftari

Nilishaahidi daftari lenyewe, dada, na nikilizuia sasa wataanza kuuliza kama mlivyouliza ninyi. Tena nikiandika maoni ya pili chini ya yale ya kwanza, mkwe atayasoma yote mawili.

Bi Mswada

Basi waambie umeghairi, kwamba ndani mna mambo yako binafsi. Ni kweli, na watauliza siku moja tu. Lakini kitabu cha mzee utakimaliza au hutakimaliza?

Mwenye Daftari

Nimekitoa kabatini jana usiku na nimefika ukurasa wa 90. Askari bado anaongea kama mtoto. Mke wa mhusika mkuu, ambaye mwanzoni sikumtilia maanani, ana sura yake peke yake, na hiyo nimeirudia. Nitawatumia wenzangu nakala za aya nitakazozichagua, na ya mkwe haitakuwamo hadi nimalize. Karatasi mpya siichani kwanza, msinibane kwa hilo.

Karani Mstaafu

Huyo mke wa mhusika utamweka chini ya herufi gani?