Shokapu za upepo au haidroliki kwa Mark X ya kila siku? Naombeni ushauri

KijanaWaGoba

Wakuu, habari za majukumu. Nina Mark X, ile GRX120 ya V6 lita 2.5, na ndiyo gari pekee nyumbani. Asubuhi natoka Goba, nashika barabara ya Bagamoyo hadi Posta, jioni narudi. Jumapili tunapanda wote, mimi, mama watoto na watoto wawili, kwenda kuwasalimia wazee Kigamboni.

Napenda gari lililolala, yaani lililoshushwa karibu na ardhi. Tatizo njia yangu hainiruhusu: matuta ni mengi, na kipande cha mwisho kabla ya kufika kwangu ni vumbi wakati wa kiangazi na makorongo wakati wa masika. Springi fupi zitanilaza moja kwa moja, kwa hiyo nataka mfumo wa kupandisha na kushusha kwa kitufe. Nimeongea na mafundi wawili. Wa kwanza anataka kunifungia haidroliki, yaani mfumo wa oili, pampu mbili na betri nne kwenye buti. Anasema oili haina longolongo, upepo utanivujia kila mwezi. Wa pili anasema gari la kutumia kila siku ni upepo, haidroliki ni ya maonyesho. Naona kila mmoja anauza anachokijua. Naomba kusikia kutoka kwa waliofunga, waliofungua au wanaoendesha hivi vitu, hasa kwa barabara na hali ya hewa ya hapa Dar.

Spana14

Mkuu, mimi ni fundi wa miguu ya gari, Ilala. Nitaandika kirefu kidogo, univumilie.

Oili haibonyei, upepo unabonyea. Hapo ndipo tofauti yote inapoanzia. Kwenye upepo, springi ya chuma inatolewa, panakaa mfuko wa mpira uliojazwa hewa, na hewa hiyo hiyo iliyobeba gari ndiyo inayomeza shimo. Kwenye haidroliki anayoisema fundi wako wa kwanza, pampu inasukuma oili kwenye silinda na silinda inanyanyua bodi. Ukiingia shimo, oili haina pa kwenda. Kinachobaki kumeza ni kipande cha springi kilichowekwa pamoja na silinda, na tairi yenyewe. Ndiyo maana wanaoijua kazi wanaongeza akumuleta, yaani chupa ya chuma yenye gesi ya naitrojeni, ili oili ipate pa kusukumia. Muulize kama bei yake ina akumuleta ndani. Akikujibu hazina haja, usimpe gari.

Na ujue zilikotoka. Mwaka 1958 sheria ya jimbo la California, Marekani, ilikataza bodi ya gari kushuka chini ya usawa wa rimu. Vijana waliokuwa wameshalaza magari yao wakawa wanakamatwa. Mwaka uliofuata mmoja wao, Ron Aguirre, akafunga pampu na silinda za haidroliki kwenye Corvette yake ili ainyanyue akimwona polisi. Baadaye ikageuka mchezo wa kurusha gari. Ni mfumo uliotengenezwa kunyanyua kwa haraka na kwa nguvu, na kwa hilo bado unaushinda upepo mbali sana. Foleni ya Mwenge haikuwamo kwenye hesabu.

Sasa kuvuja. Upepo unavuja, ni kweli, lakini una sababu zake na nyingi zinatokana na ufungaji. Mfuko mara nyingi haufi kwa uzee, unauawa na kusuguliwa. Ukigusa chasisi, ukigusa tairi unapokata kona, ukigusa hata kichwa cha bolti, utatoboka. Mchanga ukijaa kwenye mikunjo unausaga taratibu. Viungio vya hosi vikikatwa upande upande vinapumua. Na hapo ndipo kompresa, ile pampu ya hewa, inapokufa: kuna uvujaji mdogo ambao mwenye gari haujui, kompresa inawaka kila mara kufidia, inapata moto, inaungua. Watu wanalaumu kompresa, wanafunga mpya, nayo inaungua. Maji ya sabuni kwenye kila kiungio, kama fundi pancha anavyotafuta tundu, yangewaokoa.

Mengine mawili. Mfuko ni springi tu, haufanyi kazi ya shokapu, kwa hiyo shokapu nzuri bado unazihitaji. Na alaimenti ipimwe gari likiwa kwenye kimo chako cha kuendeshea, si likiwa limelala. Mark X ukiilaza, matairi yanaingia ndani juu na kulika upande wa ndani, ukiendesha hivyo kila siku utanunua matairi mpaka uchoke.

MtotoWaTemeke

Funga koilova, yaani springi na shokapu za pamoja zenye ringi ya kubadili kimo, umalize. Hakuna hosi, hakuna pampu, hakuna umeme.

KijanaWaGoba

Kaka, koilova nimeifikiria. Lakini kubadili kimo ni kupiga jeki na kuzungusha ringi kwa spana, mguu mmoja mmoja. Mimi nahitaji vimo viwili ndani ya siku moja.

MtotoWaTemeke

Basi chagua kimo kimoja cha kati uishi nacho. Nakwambia hivi kwa sababu gari ni moja na familia inalitegemea. Likikwama, hata kwa mfuko tu, wote mnapanda daladala siku hiyo.

MzeeWaVX

Vijana, msiweke haidroliki zote kapu moja. Ya betri kwenye buti ni kitu kimoja, ya kiwandani ni kitu kingine kabisa. Citroën DS ya mwaka 1955 ilitoka na matufe yenye naitrojeni juu na oili chini. Oili inanyanyua, gesi inameza, na gari lile lilisifika kwa ulaini. Toyota nao waliweka oili kwenye baadhi ya Land Cruiser 100, mfumo unaoitwa AHC. Hapo springi na toshenbaa (fimbo za chuma zinazojisokota badala ya springi) zinabeba sehemu ya uzito, oili inabeba iliyobaki, na matufe ya gesi yanafanya ulaini.

Ninayo moja. Ni raha kubwa. Lakini gesi kwenye matufe inapungua mwaka hadi mwaka, gari linakuwa gumu kama mkokoteni, na mwenye gari anabadilisha shokapu na bushi bila kupata nafuu kwa sababu hajui pa kutafuta. Mjini hapa nimeona AHC nyingi zimeng'olewa na kufungwa springi za kawaida. Nimeona pia Harrier zilizokuja na upepo kutoka Japani zikitendewa hivyo hivyo. Si kwamba mifumo ilikuwa mibaya. Spea ilikuwa ghali, na aliyeweza kusoma hitilafu hakupatikana kwa wakati.

Kwa hiyo kijana wangu, ukifunga upepo, springi na shokapu zako za sasa usiziuze. Zipake grisi, zifunge kwenye gunia, weka stoo. Siku mfumo ukikugomea na fedha hakuna, zinarudi na gari linatembea.

LoriTunduma

Sisi wa malori tunaishi na upepo, breki na mabalungi, yaani mifuko ya hewa, nyuma. Sijaona hata mmoja aliyeutaja adui wa Dar: MAJI. Kompresa inavuta hewa ya nje, na hewa ya huku pwani ina unyevu mwingi. Ikikandamizwa na kupoa, ule unyevu unakuwa maji ndani ya tenki la kuhifadhia hewa. Maji yanapanda kwenye valvu, valvu inashika kutu, haifungi vizuri, mguu mmoja unashuka usiku. Unamtafuta fundi akubadilishie mfuko ambao ni mzima.

Weka draya, kikaushio chenye punje za kunyonya unyevu, kati ya kompresa na tenki. Tenki liwe na koki chini kabisa, na uifungue mara kwa mara hadi yatoke yote. Masika ifungue zaidi. Punje za draya zikilowa zibadilishe, usisubiri. Kama unaweza kupata tenki la alumini, chukua hilo, la chuma linaoza kutokea ndani na kwa nje hulijui.

Nyaya_na_Fyuzi

Naongezea upande wa umeme. Kompresa moja ya maana inaweza kuvuta karibu ampea 20, na wengi wanafunga mbili. Usikubali ichukuliwe kutoka waya wa redio au wa kiberiti. Waya mnene kutoka betri, fyuzi karibu na betri, rilei (swichi ya kubeba umeme mkubwa), na swichi ya presha inayozima kompresa tenki likijaa. Waya unaopita kwenye tundu la bodi uvalishwe mpira. Nimeona zulia lililoungua kwa sababu ya kipande kidogo tu cha waya kilichokuwa kinasuguana na bati.

Kwa haidroliki ya betri nne hesabu ni nzito zaidi. Betri zinaunganishwa kwa mfululizo kupata volti 48, alteneta yako inatoa kama 14, kwa hiyo haizichaji. Utakuwa na chaja nyumbani na kuichomeka. Umeme ukikatika usiku, asubuhi pampu zako hazina nguvu.

MamaJunior_Kgb

Kaka wa Goba, naongea kama dereva na mama. Ukija kwa wazee kwa kupitia Daraja la Nyerere, sawa. Lakini ukipanda pantoni wakati maji yamekupwa, ule mteremko wa kuingilia unachubua hata gari lisilolala. Kupandisha kwa kitufe kutakusaidia sana pale.

Ninachokiogopa ni zile betri nne. Zina tindikali, zinatoa gesi zikichajiwa, zina uzito wa mtu mzima au zaidi, na zimekaa nyuma ya kiti cha watoto. Hosi za oili nazo zina presha kubwa mno. Ikipasuka moja, kona ile ya gari inaanguka papo hapo, na oili inayochuruzika kwa presha ile inaweza kupenya ngozi, kwa hiyo usiruhusu mtu atafute uvujaji kwa kidole. Hata kama ingefungwa bure, nisingepakia wanangu humo.

Chochote utakachofunga, wajulishe bima kwa maandishi.

KijanaWaGoba

Nawashukuru wote, dada umenigusa. Haidroliki nimeiacha. Mzee, springi nitazitunza kama ulivyosema. Fundi Spana14, nikimfuata yule wa upepo nidai nini? Na nikiwa na watu wanne ndani, nyuma hapatashuka?

Spana14

Patashuka kama mfumo unasoma presha tu, kwa sababu presha ile ile ikiongezewa uzito inakaa chini zaidi. Utaongeza kidogo kwa kitufe kabla ya kuondoka. Mfumo wenye sensa za kimo kwenye kila mguu unajisawazisha wenyewe, na kwa familia ningejinyima kingine nipate huo. Mfumo kamili wa chapa inayoaminika ni dola elfu kadhaa kabla ya usafiri na ushuru. Anayekutajia bei ya springi za mtumba, mwambie akuonyeshe kwanza mifuko anayotaka kukufungia.

Dai mfuko wa kila mguu uwe na njia yake ya hewa, ili mmoja ukitoboka usiuvute mwenzake. Dai geji unayoiona ukiwa kwenye usukani. Gari likiwa juu kabisa na likiwa chini kabisa, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili huku yeye akimulika tochi: pawe na nafasi kati ya mfuko na kila kitu. Usiendeshe kamwe mfuko ukiwa mtupu, hata kutoka getini, unajikunja na kupasuka. Ukipita kwenye mchanga au tope, mwagia maji mikunjo ya mifuko unapoosha gari.

Malipo ya mwisho yabaki mkononi mwako. Lipandishe, pima kwa futi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi kila kona, andika, lilaze pale pale gereji hadi asubuhi. Pima tena kabla hajaliwasha. Kona iliyoshuka ndiyo ya kuanza nayo, naye aifanye kwa maji ya sabuni mbele yako.