Prado 95 ya diseli: oili ya difu, transfa na giaboksi oto, fundi anasema 140 kila mahali

BintiGoba
Habari zenu wakuu. Nina Prado 95 ya 1997, injini 1KZ, oto, fowili muda wote. Nilinunua kwa mtu mwaka jana, oili za chini sijui zilibadilishwa lini, aliyeniuzia alisema zipo fresh basi. Siku za kazi Goba hadi mjini, wikiendi shamba Kisarawe na huko mvua ikishika kuna vijito viwili lazima uvuke. Sasa fundi ananiambia ninunue dumu la oili nzito ya gia namba 140 tuweke difu zote mbili (zile boksi za gia kwenye ekseli ya mbele na ya nyuma) na transfa (boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma), eti Dar joto oili nyepesi inaisha nguvu, na giaboksi niweke ATF (oili ya giaboksi oto) yoyote ilimradi nyekundu. Nimeingia maduka matatu Kariakoo kila mmoja ana jibu lake. Asubuhi gari ikiwa baridi gia ya kwanza kwenda ya pili inachelewa halafu inaingia kwa kushtuka. Gari hili ndio linampeleka mama kliniki, naombeni mnisaidie.

Spana17
Dada usikubali oili moja kila mahali, kila boksi ina kazi yake. Kwanza hizo namba. Watu wanaona oili ya injini ni 40, ya gia ni 90, wanadhani 90 ni nzito mara mbili, sio kweli, vipimo viwili tofauti, gia 90 uzito wake unakaribiana na injini 40 au 50. Toyota kwenye difu wanataja SAE 90 kwa sehemu yoyote ambayo baridi haishuki chini ya nyuzi -18, kwa hiyo Dar tumo siku zote, 140 wala huihitaji.

Kabla ya namba angalia GL kwenye kopo, hiyo ni daraja la oili ya gia. Difu ni lazima GL-5, kwa sababu pinioni na krauni, zile gia mbili za ndani ya difu, meno yanasagana huku yanateleza, sio kusukumana tu, oili ya GL-4 haiwezi ule mkandamizo, meno yanaliwa. Transfa yako 75W-90, GL-4 au GL-5 zote zinakubalika. Wenye gia za mkono ndio wachunge, zile dawa za GL-5 kwenye baadhi ya giaboksi zinakula shaba ya sinkronaiza (pete zinazofanya gia iingie laini), mimi nilijifunza hilo kwenye pikapu yangu, gia ya tatu ikaanza kukwaruza nikawa nailaumu klachi miezi mitano.

Na rangi nyekundu ni rangi tu, wanaitia kiwandani ili ikivuja uitambue. Chomoa kipimo cha oili ya giaboksi ukifute, kwenye bati mara nyingi kumepigwa chapa aina inayotakiwa. Soma hapo, uje utuambie.

MtuWaKibada
Namuunga mkono Spana. Nyongeza, wewe unavuka maji, juu ya ekseli ya nyuma kuna kitundu cha kupumulia kina kikofia kidogo. Difu ikishachemka barabarani halafu ukaingia kijitoni hewa ya ndani inapoa ghafla, inavuta, na kama kile kikofia kimekufa inavuta maji kupitia pale au kwenye sili. Ukifungua ukakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa basi imeshakunywa maji, hapo hata uweke oili ya bei gani kama hujarekebisha kikofia ni kazi bure. Hii sio ya shamba tu, waliopita Jangwani kipindi cha mafuriko wanajua.

Pia hakikisha kama difu ya nyuma ni LSD, yaani ile inayozuia tairi moja kuzunguka bure peke yake. Weka mawe tairi za mbele, nyutro, handibreki chini, jeki tairi zote mbili za nyuma uzuie na stendi, zungusha moja kwa mkono. Ya pili ikienda upande uleule ni LSD na inataka oili iliyoandikwa LSD. Ikienda kinyume ni ya kawaida.

BintiGoba
Kipimo kimeandikwa DEXRON II. Oili yenyewe kahawia, inanuka kama kitu kilichoungua. Tairi zinaenda kinyume.

Spana17
Safi, basi Dexron III inaingia bila shida, imekuja kuchukua nafasi ya II. Ila jua kwamba GM (General Motors, wenye jina la Dexron) waliacha kutoa leseni ya Dexron III mwisho wa 2006, kopo la leo likiandika hivyo ni neno la mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo nunua kampuni unayoiamini na duka linalokupa risiti, kopo lenye sili iliyoguswa rudisha. ATF aina ya WS, ya Toyota mpya, usiweke, ni nyepesi na sio ya boksi yako.

Usikubali giaboksi kusukumiwa oili kwa mashine ya presha. Mwaga, jaza, tembea wiki mbili tatu, mwaga tena, maana nyingi inabaki kwenye torki konveta (kile kinachounganisha injini na giaboksi). Kupima: gari ya moto, inaunguruma, sehemu tambarare, pitisha gia zote rudi P, ndio usome kwenye alama ya HOT ya kipimo. Na mwambie fundi kwenye difu afungue nati ya kujazia KWANZA, ikigoma baada ya kumwaga gari haitoki hapo.

BintiGoba
Nimerudi. Nati ya kujazia ya nyuma ilikataa kweli, ikabidi bomba na nyundo nusu saa, nikashukuru hatukumwaga kwanza. Oili ya nyuma imetoka nyeupe kabisa. Kwenye sumaku ya nati kuna uji wa chuma laini, vipande hakuna. Kikofia kilikuwa kimeganda na tope, tumeweka kipya na mpira mrefu tumeupandisha juu. Difu GL-5 90, transfa 75W-90. Giaboksi tumemwaga mara moja, asubuhi ya leo bado inashtuka ila kidogo.

MtuWaKibada
Uji laini ni kawaida. Ile ya nyuma imwage tena ukishaenda Kisarawe mara mbili, maji hayaishi mara moja.