Monita mpya ya hezi 165, lakini gemu zimekuwa nzito kuliko zamani. Nibadilishe kadi ya picha?

#1
Wakuu, habari zenu. Kompyuta yangu ni ya mezani, ilikuwa ya ofisini: prosesa Core i5-4590, ramu GB 16, kadi GTX 1050 Ti ya GB 4. Juzi nimetoa monita ya zamani (1080p, hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde), nikaweka ya inchi 27, 1440p, hezi 165. Maandishi yanasomeka vizuri mno, hapo sina neno. Ila gemu la mpira ambalo lilikuwa linateleza sasa linakwamakwama. Kuna jamaa anauza RTX 3060 iliyotumika. Niichukue? Pawa saplai imeandikwa wati 290.

#2
Kabla hujatoa hela, angalia nyuma: waya wa monita umechomeka kwenye tundu gani?

#3
Mkuu, shikilia hela yako kwanza. 1080p ni pikseli milioni 2.07, 1440p ni milioni 3.69. Kadi ileile sasa inachora karibu mara 1.8 kwa kila fremu (picha moja), kwa hiyo uzito kiasi fulani ni wa kawaida. Ila kukwamakwama kwenye gemu la mpira? Hapo namuunga mkono #2.

Kuhusu 3060: inakula wati 170, na 1050 Ti ni 75 tu, ambazo slot ya ubao mama inazitoa yenyewe. Pawa saplai nyingi za ofisini hazina hata ule mkia wa pini 8, yaani waya wa kuipa kadi umeme. Usije ukafanya nilichofanya mimi. Nilinunua adapta ya kutoa umeme kwenye mkia wa SATA kupeleka kwenye kadi, nikajiona fundi. Mkia wa SATA umepangiwa wati 54 kwenye volti 12, kadi ilitaka zaidi. Siku ya tatu, katikati ya mechi, nikasikia harufu ya plastiki. Plagi ilikuwa imeyeyuka na kushikana, nikaitoa kwa koleo. Kadi ilipona, sijui kwa dua za nani.

Na hiyo i5 ina kori 4 bila nyuzi za ziada, yaani kila kori inashika kazi moja tu kwa wakati. Kwenye gemu mpya haikufikishi fremu 165 hata ukiipa kadi gani. Ukitaka kupanda bila kugusa umeme, tafuta RTX 3050 ile ya GB 6 iliyotoka 2024. Ni wati 70, haina mkia. Iwe ya GB 6 kweli, maana ya GB 8 ni kadi nyingine na inakula zaidi.

#1
Naona aibu kuandika hapa. Waya wa HDMI ulikuwa juu, karibu na matundu ya USB, yaani kwenye ubao mama, picha zilikuwa zinatoka kwa prosesa badala ya kadi! Nilipobadilisha monita nilichomeka kwa kupapasa. Nimehamia DisplayPort ya kadi, mpira unateleza tena. Lakini sioni hizo hezi 165.

#2
Windows huwa inaanzia 60. Ingia mipangilio ya skrini, sehemu ya mipangilio ya kina, uchague 165 mwenyewe.

#1
Duh. Hata mshale wa mausi umekuwa laini! Ya 3060 nimemwambia jamaa asubiri.

#3
Mwambie asisubiri. Halafu, kama monita ina FreeSync (inayofanya monita iende sambamba na fremu za kadi), iwashe kwenye menyu yake na kwenye programu ya Nvidia. Kadi za GTX 10 zinakubali tangu Januari 2019, kupitia DisplayPort. Fremu zikishuka hadi 70 hutaona picha ikikatika.