Nani alisoma nasi darasa la sita, Goma, kabla ya volkano ya 2002?

mama_vitenge (Goma)

Jambo wote. Natafuta watoto tuliosoma nao darasa la sita la msingi hapa Goma, mwaka wa masomo 2001–2002. Nasema watoto, kumbe wengine sasa wana vipara. Jina la shule siandiki; aliyesoma pale ataijua kwa ule mti wa avoka mbele ya ofisi ya direkta.

Alhamisi tarehe 17 Januari tulitoka saa sita mchana kama siku zote. Jioni moto wa Nyiragongo ulikuwa unakata mji katikati kuelekea ziwani. Sisi tulivuka mpaka tukaingia Gisenyi, Rwanda, na godoro moja na sufuria ya maharage, maana mama alikataa kuyaacha, yalikuwa yameshaiva. Tuliporudi, mawe yalikuwa bado yanachoma soli za kandambili. Darasa letu lilikuwa limefunikwa mpaka kwenye bati. Madaftari, picha ya darasa, rejista ya mwalimu, vyote viko huko chini mpaka leo, na juu yake mtu amejenga duka la simenti. Napita pale kila asubuhi, mzigo wangu wa vitenge uko kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, na huwa namwonyesha kijana anayesukuma: hapa ubao, hapa deski yetu. Ameshachoka kunisikia.

Hatukuagana. Kila mzazi alimpeleka mwanawe alikopata nafasi: Bukavu, Butembo, wengine walibaki Rwanda.

Sasa sikieni. Mei 2021, tulipoambiwa tutoke mjini, niko kwenye barabara ya Sake, mtoto mgongoni, nikasikia mtu nyuma anaita, "Ishirini na sita! Wee, ishirini na sita!" Hiyo ilikuwa namba yangu, ile tuliyokuwa tunaandika kwenye jalada la daftari. Kugeuka, namwona mama mnene amebana kuku kwapani, anacheka na machozi yanamtoka. Namba kumi na tisa! Usiku ule Sake hatukulala. Tulikaa kwenye baraza ya kanisa tukiita majina vile mwalimu alivyokuwa anayaita asubuhi, kuku naye amefungwa mguu hapo pembeni.

Na hapo ndipo tulipokwama. Kuanzia wa kwanza mpaka mimi, naweza kuyataja kama Baba Yetu: Bahati, Bahati wa pili, Baraka, Bisimwa, Furaha, Kambale wanne mfululizo... Likishapita jina langu, giza. Nikishasema "Prezan!", yaani nipo, nilikuwa nageuka kupiga soga na jirani. Mwenzangu naye anaishia palepale kwenye kumi na tisa yake. Kwa hiyo tuna nusu ya kwanza ya darasa, nusu ya pili hatuna. Nahitaji watu wa mwisho, wa P, wa S, wa Z. Hao walisikiliza majina yote wakingoja zamu yao.

Facebook nimejaribu. Niliandika "Kambale Goma", nikaletewa watu wa kujaza uwanja wa mpira. Kwa Wanande, Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, basi kila nyumba ina wake. Wasichana ndio wamepotea kabisa, kila mmoja siku hizi ni Mama Fulani na picha ameweka ya mtoto. Nifanyeje?

mwalimu_mstaafu (Bukavu)

Mama, nimeshika chaki miaka thelathini na moja, nikuambie kitu. Acha majina ya rejista, tafuta ya utani. Mtu husahau jina la baba yake mwenzake lakini hasahau "Kichwa-Maji". Andika hayo.

Pili, hesabu miaka. Mtoto wa darasa la sita 2002 ambaye hakurudia alifanya mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari 2008. Aliyepoteza mwaka kwa sababu ya volkano, 2009. Zungukia shule za sekondari, uliza waliofaulu wakapakwa poda kichwani miaka hiyo miwili. Makarani wa zamani wanakumbuka kuliko makaratasi. Na kwaya za parokia usizisahau, akina mama hawahami kwaya ovyo.

motari_himbi

Yaya, dada yangu, mimi nina onyo tu. Sisi tulifungua grupu ya WhatsApp, tukawa watu 38, furaha tupu. Siku ya tatu mtu akasema tuchague mweka hazina. Siku ya kumi mchango wa harusi, halafu wa msiba, halafu wa harusi tena. Tumebaki kumi na wanne, na sita kati yao hawaongei.

Halafu akaingia mmoja, eti alikaa deski ya nyuma, yuko hospitali Kampala, tumtumie pesa kwa simu. Tukamuuliza mwalimu wa hesabu tulimwita nani. Akajibu "Mwalimu". Tukamtoa.

Na orodha nzima usiiweke hapa wazi. Tangu vita vilipoingia Goma Januari 2025 wako walioondoka na hawapendi ijulikane wako wapi. Wakuandikie faragha.

mama_vitenge

Mwalimu, aksanti sana, kwaya sikuwa nimeifikiria. Motari, mdogo wangu, mchango sitaki hata franka moja. Nataka kujua nani yuko hai, basi.

niko_gisenyi

Samahani, mimi si wa darasa lenu, ila nimemsomea dada yangu mkubwa haya maneno yeye anakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Ameacha sambaza zikaungua.

Anasema ule mti haukuwa mbele ya ofisi, ulikuwa nyuma, karibu na vyoo, ndiyo maana avoka zake hakuna aliyezila. Kengele ilikuwa rimu ya gari na nyundo yake ilifichwa kwa mlinzi. Yeye ni 49. Baada ya 26 anasema: Muhindo, Mushagalusa, Nabintu, Neema, Neema wa pili. Na mlikuwa 53 kamili. Wawili walikuja Desemba kutoka Masisi, mwalimu akawaandika chini kwa bic nyekundu.

Anasema tena 26 aliongea sana, siku moja darasa zima lilipiga magoti kwa ajili yake.

mama_vitenge

Siku ile alikuwa Furaha, si mimi!

Wawili wa bic nyekundu, Mungu wangu, walikuwa mapacha. Mwambie azime jiko, akae chini. Nimegeuza kalenda, naandika nyuma. Neema wa pili nimeshamwandika. Anayefuata nani?