Mjadala: Fedha za umeme ziende kwenye nguzo au kwenye hesabu za gridi?

Mtoa mada, Ngamiani:
Wadau, jana barazani kwetu wazee walishikilia kwamba kila shilingi ya umeme iende kwenye nguzo na transfoma. Mimi nasema sehemu yake iende kwenye kompyuta na programu za kupanga mtambo upi uwashwe saa ngapi. Chukueni Bwawa la Julius Nyerere peke yake: mashine 9, kila moja megawati 235. Kwa kuwasha na kuzima tu, saa moja ina mipangilio 512. Saa 24 zinakupa namba yenye tarakimu 66! Bado hujagusa Kidatu, Mtera, gesi ya Kinyerezi, wala Hale yetu. Programu nzuri haipimi yote. Inatupa mapema makundi mazima ya mipangilio yasiyo na nafuu, jibu likapatikana kabla mzigo wa jioni haujapanda. Maji ya Mtera yakitumika leo pasipo haja, kiangazi tunalipa kwa mgao.

Fundi umeme, Makorora:
Mdogo wangu, hesabu haisimamishi nguzo iliyooza. Transfoma ya mtaa ikizidiwa saa mbili usiku, Kidatu ipangwe itakavyopangwa, samaki wa akina mama wanaozea kwenye friji.

Mtoa mada:
Kweli, kaka. Ila Marekani na Kanada, tarehe 14 Agosti 2003, nyaya ziligusa miti, na programu ya kengele katika chumba cha kuongozea gridi ilikuwa imekwama bila wahudumu kujua. Watu wapatao milioni 50 wakakosa umeme. Miti ilipaswa kufyekwa, sawa. Lakini kengele ingelia, wangewahi kupunguza mzigo.

Mwalimu wa hesabu, Chumbageni:
Mimi naogopa kasi tupu. Njia ya kukokotoa umeme unavyopita kwenye nyaya, inayopendwa kwa wepesi wake, hudhani volteji ni ileile kila mahali, na hupuuza umeme unaopotea njiani. Kwa makadirio inafaa. Lakini mtaani kwangu taa hufifia jioni. Volteji ndiyo shida yenyewe! Jibu la haraka lihakikiwe kwa hesabu kamili kabla amri haijafika mitamboni.

Fundi umeme:
Na hiyo hesabu kamili utailisha nini, mwalimu? Transfoma nyingi nilizozihudumia hazina mita. Mzigo wake tunaujua ikishaungua.

Mtoa mada:
Hapo nakubali, kaka. Nabadili hoja: mita kwenye transfoma kwanza, programu ifuate. Ila mita zisingoje mpaka kila nguzo ibadilishwe. Anayepinga hilo aje na sababu.