Naomba ushauri: kunyoa miguu kwa sisi waendesha baiskeli

Wakuu, naomba mnisaidie. Niko Mtwara, naendesha baiskeli ya mbio, mazoezi yangu ni barabara ya Mikindani kuelekea Mingoyo. Kocha anataka wote tunyoe miguu kabla ya mashindano.

Suala la upepo nalielewa. Mwaka 2014 kampuni ya baiskeli ya Specialized iliwapima waendeshaji kwenye handaki la upepo (chumba cha kupimia jinsi hewa inavyomzuia mwendeshaji), ikaona aliyenyoa anaokoa kama dakika moja hivi kwa kilomita 40. Ila kwangu kubwa zaidi ni majeraha. Ukianguka kwenye lami yenye mchanga, kidonda chenye vinyweleo ni tabu kukisafisha, na kubandua plasta ni mateso. Kuchuliwa misuli nako kunakuwa rahisi.

Shida ni ngozi yangu. Nikinyoa ndevu kwa wembe natoka vipele, nywele zinajikunja na kuota ndani. Kwa joto na jasho la huku, naogopa miguu itawaka yote. Halafu kuna baba mkwe, mzee ninayemheshimu sana, sijui nimwelezeje.

Mliozoea, mnatumia wembe, mashine au dawa ya kunyolea? Mnanyoa siku ngapi kabla ya mbio? Na wazee wenu mliwaambiaje?