Mrejesho: Kibali cha kazi ya wiki tatu Tanga

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza kama fundi wa majokofu kutoka Mombasa anaweza kuomba kibali cha kazi ya wiki tatu Tanga akishafika mpakani, au lazima aombe mapema. Nimerudi, kazi imekwisha salama.

Aliyeniambia nisijifanye mgeni wa kutembea, Mungu amlipe kheri. Nilivuka feri Likoni alfajiri. Mpaka wa Lunga Lunga ni wa kituo kimoja, kwa hivyo anayekwenda Tanzania huhudumiwa upande wa Horohoro. Nikasema wazi nimekuja kufanya kazi. Afisa akaisoma barua ya mwenyeji wangu polepole, akaweka kidole pale chini: hakuna muhuri, wala tarehe ya kumaliza. Siku ile sikupita. Nililala Lunga Lunga, asubuhi barua mpya ikaja kwenye simu, nikaichapisha, nikapewa pasi maalumu, ile ya mikataba isiyozidi siku 90.

Kwa hivyo kuomba pale pale kulifaa nusu tu. Ujira wa siku moja ulipotea, na uliniuma. Naamini mwenyeji angeanza maombi mapema nisingelala njiani. Cheti cha homa ya manjano nacho kiwe mkononi, mimi niliulizwa mara mbili. Shukrani sana, nyote mlionijibu.